Kabla Sijasema Bonyeza

...tisini na tisa, ndivyo alivyosoma, nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili, tisini na tisa, akatamka polepole kama anavyotaka mambo yatamkwe, nami nikasema bonyeza, akabonyeza, sasa mbona swichi yangu, hiki kisanduku kinachogawa mtandao wa hospitali, inaniandikia kwenye kompyuta kwamba huko juu kuna tisa, tisa moja tu, imeandika, imenyamaza dakika nzima, imeandika tena, huku tisini na tisa, kule tisa, haina haya wala haina mjomba, inasema inachokiona, na mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya hii stoo iliyokuwa ya mashuka, simu nimeibana kati ya sikio na bega, kompyuta magotini, baridi inanipanda kutoka sakafuni, na ninachotakiwa kusema ni neno moja, bonyeza, basi, neno la mtoto wa chekechea, na halitoki. Mama, upo, anauliza mjomba Kassimu kutoka jengo la juu, ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, bibi Hidaya wa Malindi yetu hii ya milimani, nasema nipo mjomba, anasema nimeshaandika mstari wa pili, nakusomea, ishirini, thelathini, arobaini, nangoja neno lako, na mimi nafungua mdomo, na Mungu ananihurumia, maana sauti ya Daktari Scholastica inaingia kutoka nyuma yake, jamani msiguse kitu kwanza, naandika ombi la damu ya huyu mama aliyejifungua, nipeni dakika tano, na mjomba anasema sawa daktari, tunangoja, umesikia mama, dakika tano, nasema nimesikia. Dakika tano. Ningeomba miezi mitano.

Kidole kimeteleza, si kingine, nani asiyeteleza kidole, mimi mwenyewe juzi nimeandika jina langu bila herufi ya mwisho, na tisa ile haijamdhuru mtu, hiyo namba ya kwanza haibebi kitu bado, tutairekebisha, shida si tisa, shida ni kwamba aliisoma tisini na tisa huku iko tisa mbele ya macho yake, Hidaya, acha kujidanganya, mtu akisoma kwenye kioo cha kompyuta tisa anasema tisa, anasema aa nimekosea, anafuta, yeye hakusoma kilichopo, alisoma nilichomtajia mimi kutoka kwenye karatasi, alikihifadhi kichwani akanirudishia, na kichwa chake hakina kasoro, kichwa cha mjomba kinakumbuka namba za nguzo za simu kutoka Lushoto mpaka Malindi tangu alipokuwa anazipanda kwa miguu yake, kwa hiyo huu mstari wa pili, ishirini thelathini arobaini, nao umetoka kichwani, na kilichopo kwenye kioo hakuna anayekijua, si mimi niliye huku chini, si yeye aliyekaa mbele yake. Kebo ni moja, tuliizika wenyewe mwaka juzi kupanda mlima mpaka wodi ya wazazi, na ndani yake tunapitisha mambo matatu yasiyochanganyika, kila moja na namba yake, ishirini ni hizi simu za ndani, thelathini ni maabara na maombi ya damu, na arobaini ndiyo mpya, ya mashine za watoto njiti zilizofika wiki iliyopita, na kila upande wa kebo lazima utaje namba zilezile, isiyotajwa haipiti, hakuna kubembeleza, na mstari huu haujazii ule wa zamani, unaufuta na kuandika upya, kwa hiyo ikiwa ameandika mbili badala ya ishirini, akibonyeza tu, hii simu inakufa sikioni mwangu katikati ya neno, simu za mkononi kule juu hazishiki, mlima umeziba, na ikiwa ameandika tatu badala ya thelathini ombi la damu lijalo halishuki, litabaki kule juu kwenye kioo linazunguka, na mtu atatumwa mbio kwenye zile ngazi na utelezi huu wa ukungu... imeandika tena, huku tisini na tisa, kule tisa, nimeshasikia, nyamaza.

Kanuni ni yake mwenyewe, ndicho kinachoniuma, alinifundisha siku ya kwanza nilipoanza kazi hapa, mmoja asome, mwenzake arudie, ndipo kidole kibonyeze, alisema mashine haina makosa mama, makosa ni ya mtu mmoja, watu wawili hawakosei kwa pamoja, na kwa miaka sita hatujakata hata waya mmoja wa hospitali hii mchana wa kazi, watu wanatucheka, wanasema mjomba na mpwa wanasali rakaa mbili kabla ya kuwasha taa, nami nilikuwa nafurahi kuchekwa hivyo, lakini tangu Ramadhani kanuni imegeuka kidogo na mimi niliiona ikigeuka, zamani aliye kwenye kioo ndiye anaanza kusoma, halafu akasema ianze kwako, mama, wewe soma kwenye karatasi, mimi nitarudia, akasema sauti yako ni nzuri, nikacheka, nikaona ni utani wa mjomba, sauti yangu nzuri tangu lini, darasani walikuwa wananiambia ninyamaze wakati wa wimbo.

Kule juu nasikia mlango, nasikia viatu, Shikamoo mzee, ni nesi Yusta, na mjomba anaitikia marahaba mwanangu Yusta, wa nyumbani hawajambo, hawajambo mzee, na viatu vinapita, na mimi hapa kwenye ndoo yangu nywele zinanisimama, maana ndiyo hiyo, ndiyo hiyo kabisa, wote tunaanza sisi kumwamkia, hakuna mtu katika hospitali hii, katika barabara hii, katika Malindi nzima, anayempita mzee Kassimu bila shikamoo, mtoto wa nani huyo apite bila kumwamkia mtu wa miaka sitini na moja, kwa hiyo kila anayekuja anajitangaza mwenyewe kwa sauti yake, mjomba hana haja ya kuona uso, anangoja, anaitikia, anataja jina, na tunasema mzee ana heshima, hamsahau mtu, lakini zamani hakuwa hivyo, zamani alikuwa anakupigia kelele kutoka ng'ambo ya bonde, we Hidaya, hicho kiatu ulichovaa ni cha kiume, alikuwa anakuona wewe kabla hujamwona yeye, lini aliacha, lini ilikuwa mara ya mwisho mjomba kuniita kutoka mbali, sikumbuki, mwaka jana wakati wa kuvuna viazi labda, na sikujiuliza, nani anayejiuliza kwa nini mzee amekuwa mpole, tunashukuru tu.

Uji. Futari ya siku ya tatu, alikuwa anajimiminia uji na kikombe kilikuwa huku, uji ukaenda kule, na mkaza mjomba Rukia akakisogeza kikombe chini ya ule uji bila kukatiza hadithi aliyokuwa akisimulia, haraka, kama mtu aliyefanya hivyo mara mia, nikaona, nikashika tende nikala. Mazinde wiki iliyopita, tulikwenda kuchukua hizi swichi zilizoletwa na basi, yule karani akasema weka sahihi hapa mzee, mjomba akauliza hapa, akaiweka, nusu kwenye daftari nusu kwenye ubao wa meza, karani akacheka, mjomba akacheka zaidi yake, akasema kalamu zenu za huku bondeni zinateleza kwa joto, na mimi nikacheka, tukacheka wote watatu, Mungu anisamehe. Na wanavyoshikana mikono njiani yeye na mkewe wakienda msikitini Ijumaa, tulikuwa tunawatania, tunasema mapenzi ya uzeeni yana moto, na yeye mkaza mjomba anainamisha kichwa anatabasamu, alikuwa anamwongoza, mjinga wewe, alikuwa anamwepusha na mawe.

Kwa hiyo najua. Basi, nimelisema, najua, na si leo nimejua, leo swichi imenitolea ushahidi tu, maana nani alirekebisha ile mashine ya kuchapia ya mapokezi mwezi wa nne, iliyowekwa kwenye namba isiyo yake, ni mimi, kimyakimya, kutoka hukuhuku chini, kabla mtu hajaja kulalamika, na duka la dawa mwezi wa tano, mimi, na ile ya chumba cha eksirei, mimi, nikaja mapema nikarekebisha nikafunga kompyuta, na mjomba akafika akaambiwa mzee kazi yako safi, akasema alhamdulillahi, na mimi nikasimama pale najiona mtoto mwema, nimemsitiri mjomba wangu, nani kama mimi, na katibu wa hospitali, Bwana Danieli, aliponiita ofisini akaniuliza, Hidaya, wewe Jumatatu unakwenda Tanga kusoma miezi mitatu, mzee atamudu peke yake, nilimjibu nini, nilisema atamudu sana, yeye ndiye aliyenifundisha, nikalisema kwa nguvu, karibu nimkasirikie kwa kuuliza, sasa ningesema nini, nimwambie mtu wa ofisini kwamba mjomba wangu haoni, mimi, niliyebebwa mgongoni na mjomba huyu, aliyenishikisha bisibisi kabla sijajua kushika kijiko vizuri, aliyemwambia baba yangu msichana huyu asiolewe kwanza asome ufundi, akasimamia neno lake mpaka wakanuniana misimu miwili ya mvua, unamlipa mtu wa namna hiyo kwa kumwanika ofisini... imeandika tena. Dakika ya tatu hii, au ya nne.

Lakini ziko njia, tulia, ziko njia, naweza kusema mjomba huku kwangu mtandao umegoma, tuahirishe, futa huo mstari, rudi chini tunywe chai, na jioni ninapanda mwenyewe na kompyuta yangu, namaliza, kesho mashine za njiti zinawaka, hakuna aliyeumia, hakuna aliyeaibika, ni uongo mdogo, uongo wa heshima, mtu anaweza kuumeza na chai hiyohiyo, nimeshaumeza mara tatu kabla ya huu, na kweli ninaufungua mdomo, tayari ninao kwenye ulimi, mjomba huku... na hapohapo, sijui kwa nini, namkumbuka yule nesi wa macho, Hidaya mwembamba yule, sijui jina lake la ukoo, sisi wawili tunaitana wajina tu, kliniki yake iko hapahapa jengo la chini, mlango wa tano kutoka hii stoo, nilikwenda kumtengenezea kompyuta Alhamisi ile alipokuwa na wagonjwa wa sukari, na yeye alikuwa na hasira, akasema wajina, hawa wanakuja wameshachelewa, sukari inakula jicho polepole, ukiwahi linaokolewa, si lote, lakini linaokolewa, ukichelewa hakuna kitu, na wanaletwa wameshikwa mkono na watoto wao wazima, wasomi, wamevaa vizuri, nami nawauliza hao watoto, nyinyi mlikuwa wapi, wanasema mzee alikuwa hapendi kuambiwa. Mzee alikuwa hapendi kuambiwa. Nilitikisa kichwa nikasema watu wengine bwana, na mjomba ana sukari mwaka wa tisa huu, nikachukua bisibisi zangu nikaondoka.

Mlango wa tano. Mjomba anaupita kila asubuhi, anapokuja kuchukua funguo anaupita, hatua thelathini kutoka hapa, na mimi nimekuwa nikirekebisha nyuma yake ili asiwe na sababu ya kuufungua, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu mwezi wa nne, mtoto mwema, wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye hakuficha peke yake, tumemfichia, mkewe kwa kikombe, karani kwa kicheko, watu wote wa barabarani kwa shikamoo zao, na mimi zaidi ya wote, kwa ufundi alionifundisha yeye, na nasema namsitiri, namsitiri nini, ukweli ni kwamba naogopa, naogopa sauti yake ikibadilika, naogopa kuwa mimi ndiye niliyelitamka, mpwa, mtoto wa dada yake, naogopa aseme kumbe umekuwa mkubwa, na anyamaze, siwezi kustahimili akininyamazia, ndiyo maana nanyamaza kwanza mimi, hiyo si heshima, Hidaya, heshima gani inayokula macho ya mtu, hiyo ni raha yako wewe umeivika kanzu. Na Jumatatu naondoka. Nitakuwa Tanga darasani na feni inazunguka, na yeye atakuwa huku mbele ya kioo asichokiona, anajisomea mwenyewe na kujirudia mwenyewe, watu wawili hawakosei kwa pamoja, sasa mtu mmoja je, na itakapotokea, maana itatokea, haitakuwa tisa isiyobeba kitu, itakuwa damu ya mtu, na watamfokea mbele ya wagonjwa, mzee wa miaka sitini na moja, walewale wanaomwamkia, na jicho lenyewe litakuwa limekwisha. Nampenda mzee huyu. Nampenda na nimekuwa nikimsukuma shimoni kwa adabu.

Daktari, vipi, mjomba anauliza kule juu, na Daktari Scholastica anajibu bado kidogo mzee, mfumo unaniuliza maswali kama polisi, na mjomba anacheka, anacheka vizuri, mtu angemsikia angesema huyu hana shida duniani, na mimi nafikiri niseme kwa Kishambaa, daktari ni mtu wa Bukoba hataelewa, halafu nakumbuka kwamba simu ya kule iko kwenye spika, na manesi wote ni wa hapa, na kinamama wote vitandani ni wa hapa, wa Kwai, wa Malindi, mpaka mlinzi, Kishambaa kitamficha kwa daktari mmoja na kumtangaza kwa wodi nzima, ndiyo akili zangu hizo. Naiweka kompyuta sakafuni. Naishika simu kwa mikono miwili sasa, vizuri, kama mtu mzima, na nasema mjomba, anasema naam mama, nasema toa spika, shika simu sikioni, anasema kuna nini, nasema shika tu mjomba, nakuomba, na nasikia mlio mdogo, na kelele za wodi zinakatika zote kwa mara moja, viatu, vikombe, kitoto kilichokuwa kinalia, nabaki na pumzi zake tu, karibu kabisa, kama alivyokuwa akipumua nyuma yangu nikichomelea waya wangu wa kwanza.

Nasema mjomba, usibonyeze. Nasema hapo kwenye kioo mstari wa kwanza umeandika tisa, si tisini na tisa, na huu wa pili hatujui umeandika nini, wewe hujui na mimi sijui. Nasema najua kwamba huoni vizuri, nimejua tangu Ramadhani, na nimekuwa nikirekebisha nyuma yako bila kukuambia, nimekukosea mjomba, na leo sirekebishi, nakuja huko juu tumalize pamoja, mimi kwenye kioo wewe kwenye karatasi ya kichwani mwako, na tukimaliza tunashuka wote mpaka mlango wa tano, kwa nesi wa macho, leo leo, na Bwana Danieli nitamwambia mimi, au utamwambia wewe, utakavyo. Sauti yangu imekuwa nyembamba mwishoni, siipendi, lakini imefika. Na kimya. Kimya kirefu kile nilichokuwa nakiogopa, nacho kimekuja chote, kimekaa, na swichi miguuni pangu inaandika tena, nami siitazami, nasikiliza pumzi, moja, nyingine, na kwa mbali daktari anasema bado dakika mbili jamani, msiguse, na hakuna aliyegusa kitu.

Sikuwa nimeweka kidole, mama, anasema mjomba. Nimekaa hapa mikono yangu iko mapajani. Halafu anakohoa, anasafisha koo, na anasema, kwa sauti ileile ya kila siku, tangu mwezi wa nne naambiwa kazi yangu safi, na mimi najua si safi, nikawa najiuliza, huyu mtoto ananirekebishia mpaka lini, hataniambia.